Wanaorekodi vipindi vya msosi mikoani, kwa nini nyie ndio mnaolala njaa?

#1 Sufuria Nyeusi
Wakuu, salamu.

Naandika komedi ya kazini. Watu sita ndani ya Hiace moja: mtangazaji, dairekta, kameramani, mtu wa sauti, prodyusa anayeshika hela, na dereva. Wanazunguka mikoani kurekodi kipindi cha chakula. Leo mtori Moshi, keshokutwa migebuka Kigoma, wiki ijayo urojo Unguja.

Nilidhani kichekesho kitakuwa mtangazaji mwenye maringo. Nikaanza kuwahoji watu waliowahi kufanya kazi hizi, na kila mmoja akaniambia jambo lilelile bila hata kuulizwa: kazini walikuwa wanashinda njaa. Wamezungukwa na masufuria tangu asubuhi, saa tatu usiku wanagombania chipsi mayai stendi. Mmoja alikuwa anaficha karanga kwenye mfuko wa betri za kamera.

Swali la kwanza: kwa nini? Nataka majibu ya waliokuwepo, ya kuhisi nitayapata kwa shemeji yangu. Swali la pili: katika hao sita, nani abebe hadithi? Mimi nampa mtu wa sauti.

Nawasilisha.

#2 Pilipili Kichaa
Siti ya mbele kabisa. Karanga ninazo, sifichi.

#3 Mzee wa Jenereta
Umepatia kumchagua mtu wa sauti. Nimeifanya kazi hiyo hadi masikio yakaomba kustaafu.

Kwenye kipindi cha chakula kila mtu anafikiria picha. Lakini dairekta anataka ile "chwaaa" ya samaki akiingia kwenye mafuta, na samaki mmoja anatoa chwaaa mara moja tu. Sasa uko sokoni. Kushoto mashine ya kusaga, kulia duka la dawa linapiga redio, mbele bodaboda wanabishana mpira. Unaanza safari ya kuomba. Mwenye duka anazima redio kiungwana. Mwenye mashine ya kusaga anasema atazima ukilipa debe alilokuwa asage. Ukirudi, kimya kimepatikana, mafuta yameungua, samaki amekwisha.

Halafu kuna kile kipande cha mwisho, nusu dakika ya kurekodi ukimya wa mahali penyewe ili mhariri awe na cha kuunganishia. Watu wote wanasimama kama wanaimbiwa wimbo wa taifa. Ndipo tumbo la kameramani linanguruma. Ninayo hiyo rekodi, safi kabisa.

Kuhusu njaa, sababu ni moja. Chakula kilichoingia mbele ya kamera si chakula tena. Kimegeuzwa, kimeinuliwa kwa uma mara nane, kimepakwa mafuta king'ae, kimekaa juani na nzi wake. Kazi ikiisha hata paka anakinusa anaondoka.

#4 Mhasibu Mkavu
Ngoja niseme wasichopenda kusema. Wamelipwa posho ya kujikimu, na kujikimu ni pamoja na kula. Mtu anachukua hela asubuhi, dakika hiyohiyo anaituma kwa fundi anunue mifuko ya simenti, mchana anaanza kusikitisha watu kwamba hajala. Hapo hakuna njaa. Hapo kuna nyumba Chanika imefika kwenye linta.

#5 Dereva wa Hiace
#4 unaandika ukiwa kwenye kiyoyozi. Posho gani hiyo ya asubuhi? Sisi masurufu yalikuwa yanatoka tukisharudi, na kabla hayajatoka prodyusa arejeshe hesabu ya safari iliyopita, nayo hairejesheki kwa sababu ya mambo yenu ya makaratasi. Tulikuwa tunasafiri kwa hela ya prodyusa mwenyewe. Sasa mtu anayetumia mshahara wake kukulisha unadhani atakuagizia kuku mzima?

Na kuhusu swali la pili mmekosea wote. Mhusika ni dereva. Katika timu nzima ni mimi peke yangu niliyekuwa nakula. Wao wakihangaika na taa huku mbele, mimi nazunguka nyuma jikoni kwa wanaoosha vyombo. Nasalimia, nasaidia kubeba ndoo, naulizwa "kaka umekula?" Hiyo ndiyo fani. Nimekula mikoa yote ya nchi hii bila kuonekana kwenye kipindi hata kimoja.

#6 Pilipili Kichaa
Dereva umetisha. Ndoo moja, sahani moja.

#7 Binti Mchamvi
Mie walikuja kurekodi kwa mama yangu mdogo, urojo. Nyie wa bara hamjui urojo unavyowaadhiri watu wa kamera.

Urojo huliwa pale pale. Ukishatiwa bakulini, bajia zinaanza kunywa. Dakika chache tu zimevimba, kachori imelegea, zile chipsi za muhogo zilizowekwa juu zimezama, na usoni pameota ngozi. Dairekta anasema "bado taa". Mama mdogo anamwaga, anatia upya. "Bado, simu imelia." Anamwaga. "Bado, mtangazaji hakutabasamu." Hapo mama mdogo akaweka upawa chini akamuuliza yule kijana, kwa adabu zote, kama kwao maembe mabichi yanaokotwa barabarani.

Basi njaa yao naijua. Sufuria iliishia kwenye ndoo ya mabaki. Walipomaliza kurekodi urojo, urojo haukuwepo.

#8 Mwalimu wa Fizikia
Mtu wa sauti na Binti wote wanaeleza jambo moja: chakula kinazeeka haraka kuliko watu wanavyojipanga. Naongeza mvuke.

Kila dairekta anataka kuonyesha moshi wa chakula cha moto. Ule mweupe mnaouona ni matone madogo sana ya maji, na yanatokea pale mvuke unapokutana na hewa ya baridi. Lushoto au Makete asubuhi, ugali unafuka kama treni. Dar mchana wa Februari, ugali huohuo wa kuunguza vidole unatoa kidogo sana cha kuonekana. Hata ukitoka, ukiumulika kwa mbele unapotea. Taa inatakiwa itokee nyuma ya sahani, na nyuma kuwe na giza. Kwa hiyo watu wanahamisha taa, wanahamisha meza, wanatafuta kitambaa cheusi. Huku chakula kinapoa, mvuke unapungua, wanaanza tena. Njaa inatokana na hali ya hewa ya Dar es Salaam.

#9 Binti Mchamvi
Mwalimu ahsante, sasa nimeelewa kwa nini waliomba chetezo! Wakafukiza udi nyuma ya sinia la pilau ili ionekane linafuka. Pilau ikanukia harusi nzima. Babu alipoonjeshwa akauliza nani kaolewa.

#10 Kondakta Mstaafu
Hii ya udi ni chai. Tena chai ya rangi.

#11 Binti Mchamvi
#10 njoo Michamvi nikuonyeshe chetezo chenyewe. Njoo na nauli ya kurudi.

#12 Taa Nne
Nilikuwa nabeba taa. Nyongeza kwenye #8: zamani taa zenyewe zilikuwa zinapika. Zile za tungsteni ukiziweka karibu na sahani, mchicha unanyauka na siagi inayeyuka wakati mtu wa kamera anatafuta fokasi. Siku hizi LED hazina joto la namna hiyo. Kwa hiyo tatizo la kuchelewa kwa sasa ni la watu. Tena ni dairekta. Nimefanya na dairekta aliyekuwa na taa baridi, jua zuri, kuku wa Singida ameiva vizuri, akasema kuku "hana hisia".

#13 Kijana wa Kikopey
Wueh, kuku hana hisia!

Niaje wakubwa, niko Gilgil, Kenya. Huku Kikopey crew huwa haziishi, hii barabara ya Nakuru kila mtu husimama kula choma. Shida yetu ni mafuta. Mbuzi akitoka kwa moto anang'aa vizuri kabisa. Ukikawia kidogo, na hii baridi ya huku, yale mafuta yanaganda meupe kwa mfupa, kwa camera inaonekana kama mshumaa. Basi wanarudisha nyama kwa moto, inatoka ikiwa ngumu, wanarudisha tena. Mara ya nne ni kiatu. Halafu mwenye jiko anawaitisha pesa ya kilo zote.

Sisi hata Bourdain, yule mpishi Mmarekani wa vipindi vya msosi kwa TV, alikuja Kenya 2016 akakula na Obama, nyinyi mko na nani?

#14 Kibao cha Mbuzi
#13 umechanganya safari. Obama na Anthony Bourdain walikula Hanoi, Vietnam, Mei 2016: bún chả (tambi na nguruwe wa kuchoma), viti vya plastiki, bia za chupa. Bili ilikuwa dola 6 na alilipa Bourdain. Wenye mgahawa wameifunika ile meza kwa kioo. Kenya alikuja na mchekeshaji Kamau Bell, ikarushwa na CNN Septemba 2018, Bourdain alishafariki Juni mwaka huohuo. Na Unguja alifika kabla yenu, ilirushwa 2014.

#15 Kijana wa Kikopey
Sawa prof. Lakini Kamau Bell ni jina la huku, hiyo point inabaki Kenya.

#16 Mhasibu Mkavu
Dola 6, mtu mkubwa vile, viti vya plastiki. Mimi kitu kimoja tu: risiti ilitoka?

Maana hapa ndipo kidonda kilipo na mnaniona mbaya bure. Kampuni inataka kila matumizi yawe na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Prodyusa anakwenda kununua wali maharage kwa mama lishe ambaye mauzo yake hayafiki kiwango cha kulazimika kuwa na mashine. Anarudi na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto, imeandikwa "wali 6, maharage 6, juisi 2, ahsante karibu tena". Nyuma kuna hesabu za darasa la tatu, nazo hazijapatiwa. Niiweke wapi hiyo mkaguzi akija?

Kwa hiyo prodyusa mwenye akili anafanyaje? Anawapeleka timu kula pale penye mashine, yaani hoteli kubwa ya mjini, na hoteli kubwa iko saa nzima kutoka kwenye lokesheni. Kufika, jiko limefungwa. Mnalala njaa kihalali, nyaraka zote zimekamilika.

#17 Kijana wa Kikopey
Mhasibu huyo ni sisi tangu Januari 2024. Kama haina eTIMS, ile invoisi ya kielektroniki, KRA, watu wa kodi, haikubali hiyo gharama. Sasa mwambie mama wa chapo madondo akutolee invoisi. Atakupiga na mwiko.

#18 Msomaji wa Usiku
Msidharau njaa ya kazini. Machi 2015, Uingereza, Jeremy Clarkson, mtangazaji wa kipindi cha Top Gear, alimpiga mtayarishaji wake hotelini kwa sababu baada ya kurekodi kutwa alitaka chakula cha moto, akaambiwa jiko limefungwa, zimebaki nyama baridi za kwenye sinia. BBC hawakumpa mkataba mwingine. Kipindi kinachotazamwa dunia nzima kilipasuka kwa sababu ya steki.

#19 Taa Nne
Hicho ni cha magari mkuu, hakina uhusiano.

#20 Msomaji wa Usiku
#19 uhusiano wake ni jiko limefungwa. Soma #16 polepole.

#21 Ntu wa Bukoba
Kuna sababu nyingine hamjaigusa: timu zinafika msimu usio wao.

Walikuja kwetu Agosti kurekodi senene. Senene wanaanguka mwishoni mwa mwaka, Novemba Desemba, wakati mwingine tena mvua za Aprili na Mei. Usiku unaona mataa makali, mabati yamesimamishwa, mapipa chini, mji mzima uko macho. Agosti hakuna kitu. Mwenyeji wao, na alishalipwa, hakutaka kuwaambia. Akaenda kwa shangazi yake kutoa senene wa friji. Wakawasha mataa, vijana wakapanda juu ya ukuta, wakawa wanawarushia senene kwenye mabati kwa mikono. Walioganda, waliokwisha kung'olewa mbawa na miguu! Mtangazaji anasema kwa furaha, "Tazameni wanavyoruka!" Bibi mmoja aliyekuwa anapita akauliza wanaruka na nini.

Wale senene ndio ilikuwa mboga ya usiku. Hesabu mwenyewe nani alikula nini.

#22 Kondakta Mstaafu
Chai ya pili hii. Hakuna timu inayoweza kufanya ujinga huo.

#23 Kibao cha Mbuzi
#22 uliza Sicily. Bourdain huyohuyo, 2013, alipelekwa kuzamia kutafuta pweza. Yuko ndani ya maji anaona pweza na ngisi waliokwisha kufa wanashuka mmoja mmoja mbele ya miwani yake, wengine barafu haijawatoka. Kuna mtu kwenye mashua ya jirani anawatupa ili kamera ipate cha kupiga. Alikasirika, akalewa, na wakakirusha kipande hicho hivyohivyo, yeye mwenyewe anasimulia aibu yake. Ndiyo maana watu wanakikumbuka kuliko pweza wote waliovuliwa kweli.

#24 Ntu wa Bukoba
Loo, makubwa! Kumbe shangazi yangu ana wenzake Italia.

#25 Fundi wa Ujiji
Ya Bukoba mimi naiamini kwa sababu ya Kigoma. Dagaa wa ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Taa ndiyo inawaita. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa yako haina kazi, wavuvi wanakaa nyumbani wanashona nyavu. Timu moja ikaja na ratiba iliyopangwa Dar, imeandikwa "usiku wa mbalamwezi, picha nzuri". Picha ilikuwa nzuri kweli, ya ziwa tupu. Wakawaomba wavuvi waingie tu na mitumbwi wawashe taa. Wakauliza mafuta ya injini nani anatoa. Wote wakamtazama prodyusa.

Bora hao. 2024 serikali ilifunga ziwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Niliona watu wamefika Juni na kamera.

#26 Mama Lishe wa Stendi
Wanangu hamjambo. Mjukuu wangu kanisomea haya yote nikacheka, sasa naye ndiye anayeniandikia.

Mimi ndiye mnayesema mnamrekodi. Walikuja saa kumi na mbili asubuhi, wakasema mama endelea kama kawaida. Nikaendelea. Wakasema usiendelee hivyo. Wakanivua kanga yangu wakanivika nyingine, eti yangu ina maneno. Benchi la wateja likaondolewa kwa sababu linaziba mwanga. Makondakta wanakuja kula, wanafukuzwa, "mama anarekodiwa". Siku hiyo nilipika kama siku zote, wali wa kilo nyingi tu, samaki, maharage. Mpaka saa nane nilikuwa nimeuza sahani mbili, moja nimempa mgambo bure.

Nikauliza nani analipa wali huu. Yule binti mwenye makaratasi akasema mama, utatangazwa nchi nzima. Nikamwambia sawa. Ilipofika jioni wakaja mmoja mmoja, wamelegea, "mama tunaomba hata ukoko". Nikawaambia nendeni mkatangazwe mshibe.

Dereva wao ndiye nilimpa, alikuwa kijana mstaarabu, alinisaidia kubeba ndoo.

#27 Dereva wa Hiace
Mama shikamoo. Sitaki kusema zaidi.

#28 Pilipili Kichaa
😂😂😂 Uzi umefungwa hapo #26. Mods wekeni bendera nusu mlingoti kwa ajili ya prodyusa.

#29 Mzee wa Jenereta
Mama, heshima yako. Ila haifungi uzi. Wako waliolipia sahani zote na bado timu haikula. Nimeshuhudia futari Unguja, Ramadhani: kila kitu kimelipiwa, mwenyeji mkarimu kupindukia, mkeka umetandikwa, tambi, mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga, tende. Adhana ya magharibi inaanza, watu wanapeleka tende mdomoni, dairekta anasema, "Samahani, tena. Wote mrudishe mikono."

Mchana kutwa watu wamefunga. Pakawa kimya ambacho sijawahi kukirekodi tena maishani. Mzee wa nyumba akala tende yake taratibu, akanywa maji, akafuta midomo, akasema, "Adhana hairudiwi, mwanangu." Hapo hakuna hela, hakuna risiti, hakuna mvuke. Ni mtu mmoja hakusoma alikokwenda, na sisi tukaona haya kunyoosha mikono kwenye sinia.

#30 Binti Mchamvi
Wallahi huyo dairekta nadhani ni yuleyule wa urojo.

#31 Taa Nne
Na wa kuku asiye na hisia. Wasifu unafanana.

#32 Sufuria Nyeusi
Wakuu ahsanteni, mmenipa msimu mzima. Nimeandika kipande cha kwanza kulingana na michango, kipigeni.

*Ndani, kibanda cha chakula, mchana. MAMA anachota wali. Timu nzima inautazama mwiko.*
*DAIREKTA: Mama, chota kwa furaha.*
*MAMA: Nachota kwa kilo.*
*DAIREKTA: Tena.*
*MAMA anarudisha wali sufuriani. Anachota.*
*MTU WA SAUTI (amevua vifaa masikioni): Nasikia kitu kinanguruma.*
*KAMERAMANI: Bodaboda.*
*MTU WA SAUTI: Iko ndani ya nyumba.*
*Wote wanamtazama kameramani. Kameramani anatazama lenzi.*
*PRODYUSA (kwa simu): Ndiyo, mhasibu. Hapana, mhasibu. Karatasi ya daftari, mhasibu.*
*Nyuma, dirishani, DEREVA anapita na ndoo. Mdomo umejaa.*

#33 Mhasibu Mkavu
Kwa nini mhasibu hana sura? Yuko kwenye simu tu kama mtekaji.

#34 Mzee wa Jenereta
Mtu wa sauti hawezi kuvua vifaa masikioni halafu ndipo asikie. Anasikia akiwa amevivaa. Ukirusha hivyo watu wa fani watakucheka.

#35 Msomaji wa Usiku
Kipande kizuri. Wazo: ifanye kama inarekodiwa na kamera nyingine, filamu ya kumbukumbu kuhusu timu ya kipindi. Komedi ya The Office ya Uingereza ilianza hivyo 2001, wafanyakazi wanaongea na kamera kando. Na ile ya Marekani msimu wa mwisho mtu wa sauti aliyekuwa haonekani akajitokeza mbele ya kamera. Kwa hiyo mtu wako wa sauti ana historia.

#36 Kijana wa Kikopey
Mambo ya ng'ambo mbali yote hayo? Komedi ya kazini tulikuwa nayo kitambo, Vioja Mahakamani. Hakimu, karani, askari, mshtakiwa mkaidi. Kila mtu ana kazi yake na anaifanya kwa bidii, vituko vinatokea hapo. Kosa la hii script ni dairekta ameshakuwa mjinga kutoka mwanzo. Mpe sababu. Labda yeye ndiye anajua kupika kuliko wote.

#37 Taa Nne
Hapana, dairekta asitetewe.

#38 Fundi wa Ujiji
#36 ana hoja. Yule wa mbalamwezi baadaye tulikuja kugundua ratiba hakupanga yeye, ilipangwa na ofisi kwa sababu tiketi zilikuwa bei rahisi wiki ile. Alikuwa anajua mwezi. Alikaa ufukweni peke yake usiku kucha akiwa na aibu ya mtu mwingine.

#39 Mhasibu Mkavu
Mnaona mnavyorudi kwangu? Tiketi rahisi ni kosa?

#40 Msikati wa Maskati
Salaam kutoka Oman. Huku mishkaki inauzwa barabarani usiku, wenyewe wanaiita mishkak, na mandazi yapo hadi kwenye migahawa midogo, ni sisi tuliorudi kutoka Unguja tuliokuja nayo. Timu ikija kurekodi muuza mishkaki hapotezi muda nao: anachoma, anauza, anayetaka picha apige mgongoni kwake. Anayetaka kula ajipange kwenye foleni na wenzake. Sijaona timu iliyolala njaa Maskati. Labda dawa ni mwenyeji asiyewasikiliza.

#41 Binti Mchamvi
Mishkaki ya Maskati mnatia ukwaju kama wetu au mnajidai?

#42 Msikati wa Maskati
Tunatia. Na pilipili mbele yako, usilie.

#43 Mama Lishe wa Stendi
Babu Sufuria, yule mama wa kwenye mchezo wako asirudishe wali sufuriani baada ya kuuchota. Watu wataona tunapakua mabaki. Mwandike anakataa.

#44 Sufuria Nyeusi
Nimebadilisha mama. Anakataa. Sasa nani ataigiza dereva?

#45 Dereva wa Hiace
Niko tayari, ninayo leseni daraja D.

#46 Kondakta Mstaafu
Daraja D ni gari lako la nyumbani mkuu, Hiace ya kubeba watu ni C. Miaka yote hiyo ulikuwa unaendesha timu kwa D?

#47 Mhasibu Mkavu
Swali zuri. #45 tunasubiri.